Pandu na Sheria ya Kusimama Kabisa

Hapo zamani, siku zile baiskeli zilipoanza kuenea na kuwa miguu ya maskini, palikuwa na mji uitwao Kirambi, uliojengwa juu ya kilima kikali, na njia zake zilikuwa nyembamba, zimepinda kama utumbo wa kuku. Mji huo ulikuwa na Sultani, jina lake Mselemu bin Hamadi, mtu mnene wa mwili na mwembamba wa akili. Naye alikuwa na gari la farasi wawili, pana kiasi ambacho katika njia nyingi za Kirambi lilipita likikwaruza kuta za watu pande zote mbili. Alilinunua kwa sababu alisikia kwamba wafalme wa nchi za mbali hupanda magari ya namna hiyo, wala hakuuliza kama wafalme hao hukaa vilimani.

Basi siku moja Sultani alikuwa akirudi kutoka bustanini kwake, na gari linashuka kwa kasi, na mwendeshaji anasinzia. Penye njia panda ya soko akatokea muuza mayai juu ya baiskeli yake, anakwenda polepole, anapiga kengele. Farasi wakamparamia. Muuza mayai akaangukia huku, baiskeli ikaangukia kule, na mayai yakaruka hewani. Moja likampiga Sultani kifuani, likapasuka, kiini chake kikatiririka juu ya joho la hariri hata kitovuni. Watu wote waliokuwapo walijua ni nani aliyekosa, na nadhani hata farasi walijua. Lakini Sultani alirudi nyumbani na ghadhabu zake, akakusanya baraza, akasema, "Baiskeli zimezidi ujeuri katika mji huu."

Waziri wake, Mbaruku, ambaye kazi yake kwa miaka ishirini ilikuwa ni kuitikia kabla maneno hayajesha, akasema, "Zimezidi, Maulana, tena zimezidi sana."

"Hazisimami."

"Hazisimami hata kidogo, Maulana. Mimi mwenyewe nimeziona kwa macho yangu."

Wala hakuwa ameona kitu, kwa maana alikuwa hatoki nje ila amebebwa katika machela, na macho ameyafumba kwa kuogopa vumbi.

Ikatoka sheria. Zikachongwa nguzo arobaini, zikapakwa rangi nyekundu, na kila nguzo ikapigiliwa ubao ulioandikwa SIMAMA, zikasimikwa katika njia panda zote za mji. Njia panda zilipokwisha, zilikuwa zimebaki nguzo sita, na Waziri akaona ni hasara kuzitupa. Basi moja ikasimikwa mbele ya zizi la mbuzi, moja makaburini, na nyingine nne mahali ambapo njia ilikuwa moja tu, inakwenda moja kwa moja, na mtu hakuwa na pa kugeukia. Mpiga mbiu akazunguka mji akinadi, "Kila mwenye baiskeli, afikapo penye nguzo, na asimame kabisa! Awe amebeba, awe hakubeba. Pawe na mtu, pasiwe na mtu. Na asimame kabisa! Atakayekaidi, baiskeli yake itachukuliwa, naye atafungwa!"

Mtu mmoja akauliza, "Na gari la farasi?"

Mpiga mbiu akatazama karatasi yake, akaigeuza upande wa pili, akasema, "Halikutajwa." Na gari la farasi katika mji ule lilikuwa moja tu.

Basi katika mji huo alikuwapo mtu jina lake Pandu, mchukuzi wa maji, fukara wa mali lakini tajiri wa ulimi. Kila kulipopambazuka alishuka na baiskeli yake mpaka chemchemi iliyo chini ya kilima, akajaza madebe mawili, akayafunga juu ya keria, kisha akapanda nayo kwenda kuyauza nyumba kwa nyumba. Na ajuaye kupanda kilima kwa baiskeli na mzigo anajua ya kuwa mtu huyo anaishi kwa ule mwendo aliokwisha kuupata. Ukimkata mwendo wake kila hatua hamsini, umemkata pumzi, na nusu ya maji umeyamwaga chini.

Pandu hakuwa mtu wa kukimbia ovyo. Penye njia panda ya soko alikaa mama mmoja, Bi Kazija, akiuza majani ya mchicha na ndimu. Mwaka mmoja kabla ya sheria, kijana mmoja wa baiskeli aliteremka pale bila kutazama, akampanda mguuni, na tangu siku hiyo Bi Kazija akawa anachechemea. Pandu alijua habari hiyo, kwa maana ndiye aliyembeba mama yule kumpeleka kwa mganga wa mifupa. Basi kila afikapo pale hupunguza mwendo, hutazama kulia, hutazama kushoto; akiona mtu husimama mpaka apite, asipoona mtu hupita zake. Na hakuna aliyepata kumlalamikia.

Lakini sasa chini ya kila nguzo alikaa askari, na askari wakapata raha ambayo hawajapata kuipata. Mtu alisimama, akateremka, akaweka mguu chini, na askari akasema, "Gurudumu limejongea." Yule mtu akauliza, "Limejongea kiasi gani?" Akaambiwa, "Upana wa kidole gumba." Na baiskeli ikachukuliwa. Penye ile nguzo ya zizi la mbuzi walikamatwa watu saba katika wiki moja, na hapakuwa na kiumbe wa kugongwa ila mbuzi, nao walikuwa ndani ya zizi. Mwuza mikate mmoja, jina lake Msabaha, mtu mpole mwenye watoto watano, alikamatwa makaburini. Alipelekwa gerezani na mikate yake ikaliwa na askari ingali moto. Mke wake akawa anakuja kila asubuhi mbele ya lango la gereza, anakaa chini, hasemi neno.

Pandu alipoona hayo moyo wake uliungua, lakini alinyamaza, akawa anasimama kila nguzo, na maji yanamwagika, na wateja wananung'unika kwamba madebe hayajai. Hata siku ya Jumatatu, penye mteremko chini ya jumba la Sultani, alisimama, akaweka miguu yote miwili chini, na askari akainama mpaka shavu lake likagusa mavumbi, akaangalia gurudumu, akasema, "Limetikisika."

Pandu akasema, "Bwana askari, upepo unavuma. Hata ndevu zako zinatikisika."

Kwa neno hilo akafungwa mikono, akapelekwa barazani.

Sultani Mselemu alikuwa katika furaha siku hiyo, kwa kuwa alikuwa akimtazamia mgeni. Jumbe Mwidani, mtawala wa nchi ya Shekani, aliahidi kuja siku ya Ijumaa kutazama hali ya mji kabla ya kumwoza binti yake kwa mwana wa Sultani. Na Shekani ilikuwa nchi ya mashamba mapana na bandari mbili. Sultani alikuwa halali kwa kuiota bandari ile kubwa. Basi alipoletewa Pandu akamtazama kama mtu anavyotazama kiatu kilichoraruka, akasema, "Wewe ndiwe usiyesimama?"

Pandu akasujudu, akasema, "Maulana, nilisimama."

"Askari anasema ulisimama kidogo."

"Nilisimama kadiri mwanadamu awezavyo kusimama juu ya mteremko, Maulana, naye ana madebe mawili."

Waziri Mbaruku akadakia, "Sheria haikusema 'kadiri awezavyo.' Sheria imesema 'kabisa'!"

Sultani akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akapata wazo, na wazo likimjia Sultani huyu uso wake wote ulinyanyuka, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa nadra. Akasema, "Sikiliza, ewe mchukuzi wa maji. Sitakufunga leo. Siku ya Ijumaa mgeni wangu Jumbe Mwidani atapita na mimi katika gari, na nataka aone jinsi raia zangu wanavyotii. Nawe utakuwa kielelezo. Utasimama penye nguzo ile ile ya chini ya jumba langu, juu ya mteremko ule ule, na madebe yako mawili yamejaa mpaka ukingoni. Utasimama kabisa. Gurudumu lisitikisike, na tone moja la maji lisianguke. Likianguka tone moja, baiskeli yako nitaitia moto mbele ya macho yako, nawe utakwenda kukaa na yule mwuza mikate mpaka nitakapowakumbuka. Na mimi ni msahaulifu."

Watu wa baraza wakacheka sana, na Waziri akacheka kuliko wote, mpaka akapaliwa.

Pandu akangoja kicheko kiishe, akasema, "Nimesikia, Maulana, nami nitatii. Lakini mimi ni mjinga, sikusoma, nisije nikamwaibisha bwana wangu mbele ya mgeni kwa kutofahamu neno. Nifafanulie, kusimama kabisa ni kusimama namna gani?"

"Kabisa ni kabisa!" akafoka Sultani. "Hata hilo hulijui? Mtu aliyeacha tumbaku kabisa, je, kesho huivuta?"

"Haivuti, Maulana."

"Mtu aliyehama mji kabisa, je, kesho hurudi?"

"Harudi, Maulana. Akirudi, hakuhama kabisa."

"Basi ndivyo nitakavyo usimame wewe, na kila mwenye baiskeli katika mji wangu. Umefahamu sasa, au nikupigie ngoma?"

Pandu akasema, "Nimefahamu sana. Ingependeza maneno haya yaandikwe, ili na wenzangu wayafahamu kama nilivyoyafahamu mimi."

Sultani akapendezwa kwamba maneno yake yanafaa kuandikwa, akamwamuru Waziri, naye akaandika neno kwa neno, tumbaku na kuhama na yote, ikatiwa muhuri, na nakala yake ikabandikwa penye kila nguzo siku ile ile. Katika baraza lote hapakuwa na mtu aliyesoma aliyoyaandika.

Siku ya Alhamisi, kulipopambazuka, Pandu aliwakuta wenzake chemchemini: wachukuzi wa maji, wauza mikate, wauza mkaa, wauza maziwa, wapeleka nyama, watu kama hamsini na baiskeli zao. Akawasomea ile karatasi, kwa maana kusoma alijua vizuri kuliko Waziri. Akasema, "Jamani, kesho sote tutii."

Mchuuzi mmoja wa mkaa akasema, "Kila siku tunatii, na kila siku tunakamatwa."

"Tunakamatwa kwa sababu tunasimama kisha tunaondoka," akasema Pandu. "Hebu isomeni tena. Wapi palipoandikwa kwamba mtu akisha kusimama na aondoke?"

Wakaitazama. Aliyejua kusoma akawasomea wasiojua. Kisha mtu mmoja akaanza kucheka taratibu tumboni, na mwingine akamfuata, lakini mwuza maziwa akasema kwa woga, "Pandu, watatupiga viboko."

Pandu akamjibu, "Watatupiga kwa kosa gani? Kwa kutii? Mwenzetu Msabaha yuko ndani siku ya kumi na saba leo, na mkewe anakaa chini ya lango la gereza. Mimi naogopa kama wewe. Usiku huu sikulala. Baiskeli hii ndiyo ng'ombe wangu na ndiyo shamba langu. Lakini nikiipoteza, afadhali niipoteze nimesimama kama walivyotaka wao."

Basi wakaagana.

Ijumaa asubuhi Pandu aliteka maji, akapanda nayo polepole mpaka nguzo ya chini ya jumba. Hapo njia panda hukusanya njia tatu, na njia ya nne ndiyo inayoingia kwa Sultani, nayo ni nyembamba, ukuta huku na ukuta huku. Pandu akaegemeza baiskeli kwenye nguzo, akaifunga kwa kamba nene mbele na nyuma, kwa maana sheria haikukataza kamba. Akakaa juu ya kiti, akashika usukani, akatulia. Nyuma yake wakaja wengine kumi, wakajipanga mmoja baada ya mmoja katika ule mlango wa njia, wakatulia. Na katika mji mzima, penye kila nguzo, ikawa hivyo hivyo, ila huko walikaa kando, njia isizibwe. Mwuza maziwa alisimama sokoni. Nyama ya karamu ilisimama makaburini. Unga wa mikate ya mgeni ulisimama mbele ya zizi, na mbuzi wakatoa vichwa kuutazama.

Jumbe Mwidani alifika saa tatu. Alikuwa mzee mwembamba, mchache wa maneno, amevaa kanzu ya kawaida na kilemba kidogo. Sultani, aliyekuwa amekwenda kumpokea kwenye lango la mji, akampandisha garini, Waziri akakaa mbele yao, na gari likapanda kilima huku linakwaruza kuta. Walipofika njia panda, Sultani akamwambia mwendeshaji asimamishe farasi, akanyoosha mkono wenye pete nne. "Tazama, Jumbe. Watu wangu. Nilisema wasimame, nao wamesimama."

Jumbe akatazama. Akasema, "Kweli, wamesimama."

"Hawatikisiki."

"Kweli, hawatikisiki."

Wakatazama kitambo. Farasi wakapiga kwato. Jua likaanza kuwa kali, kwa kuwa gari lile halikuwa na paa. Sultani alikuwa ameliondoa ili watu wamwone. Hata aliposhiba kutazama, akasema, "Vema. Sasa na wapite, tuingie nyumbani, chakula kinangoja."

Hakuna aliyejongea.

Waziri akapaza sauti, "Hamkusikia? Piteni!"

Pandu, bila kugeuza shingo, akasema, "Bwana Waziri, tumesikia, lakini tumesimama."

"Mmeonekana! Sasa ondokeni!"

"Tukiondoka, tutakuwa tumesimama kidogo. Na kusimama kidogo ndiko alikofungiwa Msabaha. Sisi tumesimama kabisa, kama ilivyoandikwa hapa juu ya kichwa changu, na muhuri wa Maulana uko chini yake. Mtu aliyehama kabisa harudi, na mtu aliyesimama kabisa haondoki."

Waziri akaisoma ile karatasi. Akaisoma tena. Akatokwa na jasho, akamgeukia askari wa nguzo ile, yule yule aliyeinama siku ya Jumatatu. "Wabebe! Waondoe hapa!"

Askari akapiga hatua mbili, akasita. Alikuwa mtu asiye na huruma, lakini mpumbavu hakuwa. Akasema, "Bwana, baiskeli iliyosimama kabisa nikiiondoa, nitakuwa nimeifanya isisimame kabisa. Adhabu yake imeandikwa." Akamtazama Sultani, akauliza kwa sauti ambayo njia panda yote iliisikia, "Maulana, niivunje sheria yako?"

Sultani akafungua kinywa. Akamwona Jumbe Mwidani akimtazama kwa makini, anangoja jibu, kama mtu anayepima nguo kabla ya kuinunua. Akakifunga kinywa.

"Rudi nyuma," akamwambia mwendeshaji.

"Hairudiki, Maulana," akasema mwendeshaji. "Farasi hawa hawajui kurudi nyuma, na gari haligeuki hapa. Nilikwambia siku ulipolinunua."

Basi wakakaa. Jua likapanda. Watu wakatoka majumbani, wakajaa juu ya mapaa na madirishani, na hakuna aliyepiga kelele wala aliyezomea. Walitazama tu, na kutazamwa namna ile kulimuuma Sultani kuliko mawe. Akaja mpishi wa jumba mbio, akasema mbele ya mgeni kwamba jikoni hakuna maji, hakuna unga, hakuna nyama, hakuna hata kipande cha mkaa. Joho la Sultani likaloa. Koo likamkauka. Macho yake yakaangukia madebe mawili ya Pandu, yamejaa mpaka ukingoni, maji yanang'aa.

"Nipe maji ninywe," akasema.

Pandu akasema, "Ningependa sana, Maulana. Lakini niliambiwa tone moja lisitoke, na likitoka baiskeli yangu itatiwa moto."

Hapo Jumbe Mwidani akatoa kitambaa, akajifuta usoni, na ikawa vigumu kujua kama ni jasho alilokuwa akilifuta ama kicheko. Akauliza, "Ewe mchukuzi wa maji, wewe ungependa sheria iweje?"

Waziri akasema, "Jumbe wangu, huyu ni mtu duni, hana maoni."

"Sikukuuliza wewe," akasema Jumbe.

Pandu akasema, "Jumbe wangu, kama ningeulizwa, ningesema: kila afikaye njia panda apunguze mwendo na atazame. Akiona mtu, asimame mpaka mtu apite. Asipoona mtu, apite zake. Hakuna faida ya kuisimamia hewa."

Mara ikasikika sauti nyuma ya umati. "Na mimi je?"

Watu wakampisha. Alikuwa Bi Kazija, amekuja kutoka sokoni kwa mguu wake ule mbovu na fimbo yake. Akasimama mbele ya baiskeli ya Pandu, si mbele ya gari. Akasema, "Mwanangu Pandu, wewe mwema, na maneno yako ni matamu. Lakini yule aliyenivunja mguu naye alisema alitazama. Aliapa. Kila mtu wa baiskeli anasema alitazama. Pale sokoni wanapita wazee, wanapita wajawazito na vikapu vichwani. Nataka pale asimame kila mtu, atake asitake."

Kwa mara ya kwanza siku ile Pandu akaona haya. Kisha akasema, "Mama, umesema kweli, nami sikulifikiria. Sokoni asimame kila mtu, miguu yote miwili chini, kisha aondoke. Na mahali pengine, atakayesema alitazama kisha akamgonga mtu, atembee kwa miguu mwaka mzima, na baiskeli yake itumike kumchukulia mzigo yule aliyemgonga."

"Na gari la farasi?" akauliza Bi Kazija, na sasa aligeuka, akamtazama Sultani usoni, jambo ambalo hakuna raia aliyelithubutu. "Mimi nilipandwa na baiskeli, bado natembea. Muuza mayai alipandwa na farasi, mpaka leo hajainuka kitandani."

Jumbe Mwidani akageuka polepole katika kiti chake. "Muuza mayai yupi?" akauliza.

Waziri, ambaye kwa miaka ishirini hakupata kukosa la kusema, akatazama vidole vya miguu yake.

"Na gari la farasi pia," akasema Sultani hatimaye, kwa sauti ya kukwama. "Lisimame sokoni. Andika, Mbaruku."

"Niandike nini, Maulana?"

"Andika walivyosema hawa!"

Waziri akaandika, karatasi juu ya goti, wino unamdondokea kanzuni. Na kila alipoacha neno Bi Kazija alimwambia, "Umesahau," naye akalirudisha. Muhuri ukatiwa pale pale garini. Pandu akaomba jambo moja zaidi, kwamba Msabaha na wenziwe wafunguliwe na kurudishiwa baiskeli zao, na Sultani akaridhia kwa kupunga mkono tu. Haukupita muda wakaonekana wakishuka kutoka gerezani, kumi na tisa kwa hesabu, wanapepesa macho kwa mwanga; na mke wa Msabaha akitembea kando ya mume wake, amemshika mkono wa kanzu, bado hasemi neno, ila analia.

Ndipo Pandu akafungua kamba, akashuka, akachota kata ya maji, akampelekea Sultani kwa mikono miwili kwa adabu. Sultani akanywa yote. Akasema, huku anajaribu kucheka kama wafalme wanavyocheka katika mambo kama haya, "Una akili wewe. Nitakupa joho, na nitakufanya Msimamizi wa Njia Panda Zote."

Pandu akasema, "Ahsante, Maulana. Lakini joho litanaswa kwenye cheni, na wateja wangu hawajapata maji tangu asubuhi."

Jumbe Mwidani akateremka garini. Sultani akashtuka, akasema, "Jumbe wangu, unakwenda wapi? Njia inafunguka sasa hivi. Mikate itaokwa. Hatujazungumza habari ya vijana wetu."

Jumbe akasema, "Nilikuja kutazama jinsi unavyotawala kabla sijakupa binti yangu na bandari yangu. Nimekaa saa mbili katika njia panda moja, nimetazama. Yanitosha." Kisha akamgeukia Pandu. "Bwana, madebe yako ukiwapa hawa wenye kiu, keria hii itanibeba mimi mpaka lango la mji? Watu wangu wananingoja huko, nami miguu yangu ni ya kizee."

"Itakubeba, Jumbe wangu," akasema Pandu, "ila ushike kiti kwa nguvu, maana ni mteremko."

Maji yakagawiwa, Sultani anatazama. Yule mzee akapanda juu ya keria, akakaa upande kama wakaavyo wanawake, kilemba amekishika kwa mkono mmoja, na wakateremka. Walipofika sokoni Pandu akakaza breki, akaweka miguu yote miwili chini, mwanamke mmoja na kikapu chake akapita, kisha wakaendelea. Watu waliokuwa pale wanasema Jumbe alikuwa akicheka kwa sauti, kama mtoto, na kwamba aliomba kupiga kengele mwenyewe.

Sultani Mselemu alibaki njia panda na gari lake. Baiskeli zilipokwisha kuondoka ikaonekana kwamba gurudumu moja limekazana na ukuta, na farasi kwa kusimama sana juani wamegoma kuvuta. Wakafunguliwa, na wazee wa baraza wakaitwa, wakalisukuma gari lile kupanda kilima, Waziri Mbaruku akiwa nyuma kabisa, ambako ndiko penye uzito. Walilifikisha mbele ya jumba kwa alasiri. Sultani alikuwa amekaa ndani muda wote, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia ateremke, na yeye mwenyewe hakupata kulifikiria.

Hivyo ndivyo nilivyohadithiwa habari ya Kirambi, nami sikuongeza chumvi. Iliyomo waliitia wenyewe.